Umebadilisha paswedi ya waifai ya duka, sawa. Lakini rauta iko mikononi mwa nani?

Leo hatuongelei kupiga picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "mwisho bei gani". Leo tunaongelea kile kiboksi kinachowaka taa pale juu ya kabati la duka lako, yaani rauta. Posti ni ndefu kidogo, ila soma mpaka mwisho, halafu ukifunga duka leo jioni ufanyie kazi.

Niseme mapema, mimi sio mtaalamu wa kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, nauza nguo za watoto hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Haya ninayoandika nimejifunza baada ya kuumia, kisha kwa kusoma na kuuliza uliza.

ILIVYONIKUTA

Nilichoka kununua bando kila siku, nikaamua kuweka waifai dukani. Fundi alikuja, kijana mstaarabu tu, akafunga rauta na kamera moja. Wakati anaondoka akaniambia, "Dada, hii ikizingua hata usinitafute nije, nipigie tu, nakurekebishia nikiwa nyumbani." Nikafurahi sana. Na kweli, mara mbili ilizingua, nikampigia, akagusa gusa simu yake hukohuko aliko, ikakaa sawa. Sikumuuliza anafanyaje. Niliona nimepata fundi mzuri.

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi nina oda tisa za mikoani zinazotakiwa kupanda basi, wateja wanasubiri picha za mwisho ndo walipie, waifai ikakata. Nikaangalia kwenye simu, jina la duka langu halipo. Badala yake kuna jina jipya, tena tusi, siwezi kuliandika hapa. Jirani yangu wa vipodozi akaniuliza, "Shoga, hilo jina la waifai ndo la kwako?" Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Nikaita fundi mwingine wa karibu. Akachomeka waya, akaingia kwenye rauta, akarudisha jina langu na kuweka paswedi mpya ngumu. Tukashukuru Mungu. Haikupita robo saa, tusi likarudi na ile paswedi mpya ikagoma. Akabadilisha tena, ikabadilishwa tena. Yaani ni kama unafunga mlango huku mwenzako yuko ndani anaufungua.

Mwisho nikanunua bando la simu. Siku ile ziliondoka oda nne tu, tano zikalala. Mteja mmoja wa Songea alitaka hela yake, maana gauni lilikuwa la mtoto wa kubatizwa Jumapili. Nikamrudishia na kumuomba radhi. Mpaka leo hajaagiza tena.

Jioni nikampata yule fundi wa kwanza. Hakuwa yeye. Wiki ile alikuwa ameuza simu yake bila kufuta vitu vyake. Aplikesheni ya kuendeshea rauta ilibaki humo, na akaunti yake iko wazi. Aliyeinunua ile simu, au mtoto wake, akakuta orodha ya rauta za maduka ya watu, akaanza kuchezea. Rauta yangu ilikuwa moja tu kwenye orodha. Fundi akabadilisha paswedi ya akaunti yake, akaziondoa simu zote zilizokuwa zimeingia humo, vurugu ikaisha.

Ila mimi sikulala vizuri. Nikajiuliza, kama mtu anayecheza tu amenipotezea siku ya biashara na mteja, angekuwa mwizi ingekuwaje?

FUNGUO NI MBILI, SIO MOJA

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tukisikia "paswedi ya waifai" tunadhani ni ufunguo wa kila kitu. Sivyo. Rauta ina funguo mbili tofauti.

Ufunguo wa kwanza ni wa kupata intaneti. Huu ndo unaompa mfanyakazi wako au mteja aliyekaa kusubiri mzigo. Anaingia mtandaoni, basi.

Ufunguo wa pili ni wa kuiendesha rauta yenyewe. Mwenye huu anaweza kubadilisha jina la waifai, kuona paswedi yako na kuibadilisha, kumtoa mtu, kuzima mtandao, na kufungua milango ya kuingilia kutoka nje.

Ukibadilisha wa kwanza, mwenye wa pili hajali. Anafungua aplikesheni yake, anaiona paswedi yako mpya imeandikwa pale. Ndicho kilichotokea kwangu. Ni sawa na kubadilisha kufuli la mlango wa mbele wakati dalali bado ana ufunguo wa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo swali la kujiuliza leo ni hili: ufunguo wa pili wa rauta yako uko kwa nani? Kama jibu ni "fundi ndo anajua", basi rauta umeinunua wewe lakini mwenyewe ni fundi. Hata kama fundi ni mtu mwema, simu yake inaweza kuibiwa, kuuzwa, au kushikwa na mtoto.

MTU ANAINGIAJE AKIWA MBALI?

Njia ni nne. Zijue zote, maana ukifunga moja ukaacha nyingine, hujafunga.

Njia ya kwanza ni kutoka ndani. Mtu akishaunganishwa kwenye waifai yako, anaandika namba fulani kwenye kivinjari cha simu, mfano 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na ukurasa wa rauta unafunguka. Unaomba jina na paswedi. Rauta nyingi, hasa za zamani, zilitoka kiwandani na jina "admin" na paswedi "admin". Kama hukuibadilisha, mteja yeyote uliyempa waifai anaweza kuingia akiwa amekaa kwenye kiti chako.

Njia ya pili ni mlango wa nje wa rauta. Kwenye setingi utakuta maandishi ya Remote Management au Remote Access. Ukiwasha hapo, ule ukurasa wa rauta unaweza kufunguliwa hata na mtu aliye nchi nyingine, akijua anwani yako ya intaneti. Kwenye rauta nyingi za zamani za TP-Link utaona kiboksi cha kuandika namba. Ikiwa 0.0.0.0, mlango umefungwa. Ikiwa 255.255.255.255, umeruhusu dunia nzima ije kubisha hodi.

Njia ya tatu ni akaunti ya aplikesheni. Hii ndo iliyoniponza. Hapa hakuna anayekuja kubisha hodi kwako. Rauta yenyewe inatoka na kujiunga na kompyuta za kampuni iliyoitengeneza, inakaa pale inasubiri maagizo. Mwenye akaunti akibonyeza kitu kwenye simu, agizo linapitia kwenye kampuni na kushuka kwenye rauta yako. Ndiyo maana inafanya kazi hata kwa rauta ya laini ya simu, ambayo mara nyingi haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Na ndiyo maana fundi hahitaji kujua paswedi yako ya waifai.

Njia ya nne ni ya kampuni inayokuuzia intaneti. Kampuni nyingi huacha mlango wao maalumu ili waweze kurekebisha rauta ya mteja bila kutuma mtu. Huo wewe huufungi hovyo, unaweza kujikatia huduma. Ila jua upo. Mwezi wa 11 mwaka 2016, Ujerumani, programu ya wahalifu ilijaribu kuingia kwenye rauta za watu kupitia mlango wa aina hiyo, na wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom wakakosa huduma. Sehemu yako wewe ni kuhakikisha rauta sio ya kizamani sana na inapata masasisho.

"DUKA LANGU DOGO, NANI AHANGAIKE NALO?"

Na mimi nilisema hivyohivyo. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekaa mahali akalichagua duka lako. Ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zinajaribu kila mlango zinaoukuta. Hazijui wewe unauza magauni au dhahabu.

Mwaka 2016 kulikuwa na programu iliyoitwa Mirai. Ilikuwa na orodha ya majina na paswedi za kiwandani kama 60 hivi, za aina ya "admin" na "admin". Kwa orodha hiyo fupi tu ilikamata kamera na rauta nyingi sana duniani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera zao wala hawakujua.

Brazili ndo mfano unaotugusa sisi watu wa kulipwa mtandaoni. Miaka ya 2011 na 2012 modemu kama milioni 4.5 ziliingiliwa, na wahalifu wakabadilisha setingi moja inayoitwa DNS. DNS ni kama daftari la namba za simu. Wewe unaandika jina la tovuti, daftari linakuambia tovuti hiyo iko wapi. Mhalifu akibadilisha daftari, unaandika jina sahihi la benki lakini unapelekwa kwenye ukurasa wake unaofanana na wa benki, unamwandikia paswedi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Tusitishane lakini. Mtu akiingia kwenye rauta yako hasomi meseji zako za WhatsApp, maana zile zimefungwa kutoka simu yako mpaka ya mteja. Na tovuti zenye alama ya kufuli kwenye anwani, paswedi yako haipiti ikiwa wazi. Anachoweza ni kukuzimia, kukupeleka kurasa feki, kuona vifaa gani vimeunganishwa, na kuitafuta kamera au kompyuta yako iliyo dhaifu. Kwa mtu anayeishi kwa oda za kila siku, hayo yanatosha kabisa kukurudisha kijijini.

FANYA HIVI LEO JIONI

Subiri ufunge duka, usifanye mchana wateja wakiwa wengi. Tenga saa moja.

1. Geuza rauta, piga picha kibandiko cha chini. Pale kuna anwani ya kuingilia, jina na paswedi ya kiwandani. Picha hiyo usiitume kwenye grupu lolote.

2. Ingia kwenye ukurasa wa rauta ukiwa umeunganishwa na waifai yako. Tumia anwani ya kwenye kibandiko. Kama paswedi ya kibandiko inakubali, ujue ulikuwa umelala mlango wazi. Kama haikubali na wewe hukuibadilisha, mpigie fundi aliyefunga akupe. Ni haki yako, usiombe kwa kunyenyekea.

3. Badilisha paswedi ya kuendesha rauta, yaani ule ufunguo wa pili. Iwe ndefu, herufi 12 kwenda juu, na isifanane na ya waifai. Njia rahisi ni kuunganisha maneno manne yasiyohusiana, mfano kikapu, radi, shangazi na saba. Huo mfano usiutumie, umeshasomwa na watu wote hapa. Usiweke jina la duka wala namba yako ya simu. Namba yako ya simu imeandikwa kwenye bango nje!

4. Tafuta Remote Management au Remote Access, zima. Ukiona huna sababu inayoeleweka ya kuiacha imewashwa, ujue huihitaji.

5. Angalia akaunti ya aplikesheni. Rauta imefungwa kwenye baruapepe ya nani? Kama ni ya fundi, mwambie aitoe rauta kwenye akaunti yake, halafu wewe fungua akaunti kwa baruapepe yako na uiunganishe upya. Kama akaunti ina uhakiki wa hatua mbili, yaani wa kutuma namba kwenye simu yako, washa.

6. Zima WPS. Ni ile njia ya kuunganisha simu kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba 8. Mwaka 2011 iligundulika kwamba rauta inazikagua namba hizo kwa vipande viwili, na namba ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Kwa hiyo anayebahatisha hahitaji kujaribu mamilioni, majaribio 11,000 yanamaliza kazi. Kompyuta inaweza kuimaliza kwa saa kadhaa tu.

7. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA3 kama ipo. Kama vifaa vyako vya zamani vinagoma, chagua WPA2 yenye AES. Ukiona WEP, achana nayo kabisa, ilishavunjwa tangu 2001. Kama rauta yako inajua WEP tu, hiyo ni ya kubadilisha, anza kuweka akiba.

8. Sasa ndo badilisha paswedi ya waifai. Nimeiweka hapa chini makusudi. Ukianza nayo kabla ya hatua ya 3, 4 na 5, unarudia kosa langu.

9. Tafuta Firmware Update au System Update. Hiyo ni programu ya ndani ya rauta, inarekebishwa kama unavyosasisha WhatsApp. Hakikisha umeme upo na rauta haizimwi katikati ya zoezi, inaweza kufa kabisa. Hii nawaambia hasa wenzangu mnaouza waifai ya vocha kwa kutumia MikroTik. Mwaka 2018 kampuni ilitoa marekebisho ya tundu kubwa mwezi wa 4, lakini miezi mingi baadaye rauta nyingi bado zilikuwa zinaingiliwa kwa tundu lilelile, kwa sababu tu wenyewe hawakusasisha.

10. Andika kila kitu kwenye daftari, liache nyumbani. Wengi wanasema usiandike paswedi kwenye karatasi. Mimi nasema daftari la nyumbani ni salama kuliko paswedi ya "12345678" unayoikumbuka kichwani. Usibandike ukutani dukani tu.

KAMA FUNDI HAPATIKANI

Kuna kitundu kidogo nyuma ya rauta kimeandikwa Reset. Ukibonyeza kwa pini kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike, rauta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Setingi zote zinafutika, na kwa rauta nyingi inajitoa pia kwenye akaunti ya aplikesheni ya fundi. Ukimaliza, hakikisha aplikesheni yako ndo inayoiona.

Lakini ngoja kwanza! Kama intaneti yako ni ya waya wa faiba, humo ndani kuna jina na paswedi za kampuni ambazo nazo zitafutika, utabaki huna huduma. Piga simu huduma kwa wateja kabla, waulize utahitaji nini baada ya kurudisha rauta kiwandani. Kama ni ya laini ya simu kawaida ni rahisi, ila nayo piga picha setingi za mtandao kabla hujabonyeza.

Na ukishabonyeza usiiache usiku kucha. Imerudi kwenye paswedi ya kibandiko, kwa hiyo anza hatua ya 3 hapohapo.

KUENDESHA UKIWA MBALI SIO DHAMBI

Nisieleweke vibaya. Mimi bado naiendesha rauta yangu nikiwa mbali. Nikienda Kariakoo kuchukua mzigo naacha duka na mdogo wangu, na mtandao ukisumbua naingia kwenye aplikesheni nikiwa Dar naiwasha upya. Kinachobadilika ni kwamba ufunguo ni wangu.

Sheria zangu ni hizi. Akaunti iko kwenye baruapepe yangu. Paswedi yake haifanani na ya Instagram wala ya kitu kingine. Simu yenye aplikesheni hiyo ina lock, na siku nikiiuza natoka kwenye akaunti zote kwanza ndipo naifuta yote. Fundi akihitaji kuingia, namfungulia kwa muda, akimaliza namuondoa nikiwa bado naongea naye kwenye simu. Aplikesheni nyingine zinaruhusu kumuongeza mtu kama msaidizi kwa akaunti yake mwenyewe, hiyo ni nzuri zaidi, kwa sababu kumtoa ni kubonyeza mara moja na paswedi yako hajawahi kuijua.

Kwa wale mnaofungiwa rauta mpya, usimalizie hela ya fundi mpaka akupe vitu vinne mkononi: jina na paswedi ya kuendesha rauta, akaunti iliyo kwenye baruapepe yako, jibu la kama Remote Management imezimwa, na paswedi ya kamera. Mwambie kwa upole, "Kaka, kazi nzuri, nikabidhi funguo nikumalizie hela yako." Fundi mzuri hatakasirika. Wangu nilimwambia hivyo siku aliyokuja kunisaidia mara ya pili, akacheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kumuuliza.

WATEJA NA WAFANYAKAZI

Mteja anaomba waifai aangalie picha za nguo kwenye ukurasa wako, utamnyima? Hapana. Washa Guest Network, yaani waifai ya wageni, yenye jina na paswedi yake. Mgeni anaishia sebuleni, chumbani haingii. Anapata intaneti lakini haifikii kompyuta, printa wala kamera yako. Angalia isiwe imeruhusiwa kuona vifaa vya ndani, kuna sehemu ya kuweka tiki, itoe. Paswedi ya wageni ibadilishe kila baada ya muda.

Mfanyakazi akiondoka, hata mkiachana vizuri, siku hiyohiyo badilisha paswedi ya waifai, na kama alikuwa na aplikesheni ya rauta au kamera, mtoe. Sio kumshuku. Ni kama kuchukua ufunguo wa duka, hata ndugu yako akiacha kazi unauchukua.

Na hii iseme kwa sauti: ujuzi huu sio wa kwenda kujaribu rauta ya jirani. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama paswedi yake ni "admin". Ukiona ya jirani iko wazi, mwambie. Na kumbuka wewe umeshika majina, namba na maeneo ya wateja wako. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mteja aliyekupa namba yake akuletee biashara hakukupa uigawe.

UTAJUAJE KAMA KUNA MTU NDANI?

Mara moja kwa wiki fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu: simu yako, ya msaidizi, kamera, kompyuta. Ukiona cha ziada usikurupuke. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iPhone zenye iOS 14, zinajificha kwa anwani ya kubuni, kwa hiyo mgeni unayemuona anaweza kuwa ni simu yako mwenyewe. Zima waifai kwenye simu zenu moja moja, uone nani anatoweka. Anayebaki ndo wa kumuuliza.

Dalili nyingine: paswedi ya kuendesha rauta imekataa na hujaibadilisha, jina la waifai limebadilika, Remote Management uliyoizima umeikuta imewaka, namba za DNS zimebadilika (zipige picha leo ili uwe na za kulinganisha), au ukifungua tovuti ya benki inakuja imeandikwa tofauti, haina kufuli, au kivinjari kinakuonya. Ukiona onyo usibonyeze "endelea". Zima waifai, tumia bando la simu, kisha rudisha rauta kiwandani na anza upya na hatua zote kumi.

Na siku zote weka akiba ya bando kwenye simu, hata dogo. Siku yangu ya tusi ningekuwa na bando asubuhi ileile, gauni la ubatizo lingefika Songea.

Basi wapendwa, hayo ndo yangu ya leo. Ukifunga duka jioni, kabla hujapanda daladala, geuza hiyo rauta uangalie. Halafu rudi hapa kwenye komenti uniambie kitu kimoja tu: akaunti ya rauta yako ilikuwa kwa baruapepe ya nani? Paswedi usiandike jamani, nawajua! Mtumie posti hii mwenzako aliyefungiwa rauta na fundi yuleyule. Biashara njema.